Baba anataka mimi ndiye niwashe moto, wazee wanasema binti haruhusiwi. Nijibu kwa hoja gani?

Binti wa Dukani, Kisumu

Hamjambo nyote, na wakubwa shikamooni.

Naomba msaada wa wanaoyajua maandiko ya Kihindu, na hata wasioyajua lakini wamewahi kumsindikiza mzazi huku ukoo umegawanyika. Sisi ni Wagujarati wa Kisumu, na mimi ni kizazi cha tatu kuzaliwa hapa. Baba ana duka la vifaa vya ujenzi. Figo zake zimeshindwa, kwa hiyo mara mbili kwa wiki nampeleka kusafishwa damu. Yuko hai na namwomba Bhagwan azidi kumweka. Lakini mwenyewe ameshaanza kupanga mambo yake. Juzi alituita sebuleni, mama, mimi na ndugu zake wawili, akasema: "Siku yangu ikifika, moto atawasha huyu." Akaninyooshea kidole. Ni moto wa kuchomea mwili wake, maana sisi huchoma maiti.

Sina kaka. Dada yangu yuko Leicester. Baba mkubwa alinyamaza tu. Baba mdogo ndiye aliyesema haiwezekani, kazi hiyo ni ya mwanawe, binamu yangu, kijana mzuri ambaye sina ugomvi naye. Baadaye akaja na maharaj, kasisi wetu. Maharaj aliongea kwa upole, na sababu zake zilikuwa tatu. Maandiko yanasema mwana wa kiume ndiye anayemwokoa baba yake na jehanamu iitwayo Put. Mwanamke haendi smashani, mahali pa kuchomea maiti, kwa kuwa moyo wake ni mwepesi, na machozi yake humzuia marehemu asiondoke kwa amani. Tena ndivyo ilivyofanywa siku zote, "na hili, binti, si la kuulizwa."

Hilo la tatu ndilo lililonichoma.

Kazi yenyewe mnaijua. Kubeba chungu chenye makaa kutoka nyumbani, kumtia mzazi mdomoni maji ya mto mtakatifu Ganga na jani la tulasi, kuzunguka kuni, kumimina samli, kuwasha. Hakuna hata kimoja hapo ambacho mikono yangu haikiwezi. Sindano za mashine zikitolewa, muuguzi hunipa pamba nimkandamize baba mkononi mpaka damu ikate. Pale walipomuunganishia mishipa pananguruma chini ya vidole vyangu, mtetemo mdogo usiokoma, na nikikandamiza sana muuguzi hunionya nisiuzime. Nimeushika mkono huo wiki baada ya wiki bila kulia. Sasa naambiwa moyo wangu ni mwepesi.

Baba alimjibu maharaj hivi: "Saruji ikishuka hapa, huyu binti huhesabu mifuko yote kabla ya kutia sahihi, hata dereva akiwa mtu wetu. Na hili nalo lihesabiwe." Maharaj hakuhesabu chochote, aliaga akaenda.

Najua Katiba inasemaje kuhusu usawa, msinielekeze huko. Sitaki kushinda kwa hati ya wakili. Nataka kujua kama ndani ya dini yenyewe kuna nafasi ya kuuliza "kwa nini" na mtu bado akahesabiwa muumini. Na kama mnaona wazee wana haki, niambieni pia, ila kwa sababu.

---

Mzee wa Nyerere Road, Kisumu

Binti, nimesoma kwa makini na nampa pole baba yako. Mimi nimewachoma wazazi wangu wote wawili hapa hapa Kisumu, nami sikubaliani nawe. Umeomba sababu, basi nakupa.

Kwanza, dini haipigiwi kura. Katika andiko letu la Katha Upanishad, kijana Nachiketa alipomuuliza Yama, mungu wa kifo, habari za baada ya kifo, Yama alimwambia kwamba ujuzi huo haupatikani kwa mabishano. Na Gargi, mwanamke msomi kuliko wengi wetu, alipozidi kumwuliza mwenye hekima Yajnavalkya mbele ya Mfalme Janaka, aliambiwa aache asije kichwa chake kikaanguka. Wahenga walijua akili ina mpaka wake.

La pili, na hili naliona zito zaidi. Siku ya msiba hakuna mtu mwenye akili timamu. Watu hulia, huzirai, hukumbushana madeni ya zamani. Kinachotushika siku hiyo ni kwamba hakuna kati yetu aliyeibuni ile ibada asubuhi ile. Chungu kinabebwa hivi, kuni zinazungukwa hivi, imekwisha. Mkianza kubishana nani abebe, mtabishana juu ya maiti ya baba yako.

Je, una mwana? Kama unaye, Manu, katika kitabu chake cha sheria, anasema mtoto wa binti naye humwokoa babu yake sawasawa na mtoto wa mwana. Mpe kijana ashike moto, wewe simama nyuma yake. Baba yako atapata alichotaka, na wazee hawatavunjiwa heshima.

---

Kijana wa Samaj, Kakamega

Mzee, kwa heshima zote, hizo "siku zote" ni za lini? Swami Dayanand alikuwa mtoto Gujarat, akakesha usiku wa Shivaratri, sikukuu ya mungu Shiva, akaona panya wanapanda juu ya sanamu ya Shiva na kula sadaka. Akajiuliza: huyu asiyeweza kumfukuza panya ndiye mlinzi wa ulimwengu? Swali hilo halikumwacha. Mwaka 1875 alianzisha jumuiya ya Arya Samaj kule Bombay, na kufikia 1903 ilikuwa imeshafika Nairobi. Alifundisha kwamba wanawake wana haki ya kuzisoma Veda, maandiko yetu ya kale, wenyewe, wakati makasisi wengi hawakutaka hata wazisikie. Dada, tafuta kasisi wa Samaj, washa moto, wasiotaka wabaki nyumbani.

---

Mwalimu Mstaafu, Nakuru

Binti, nimefundisha hesabu hapa Nakuru tangu nikiwa kijana hadi nilipostaafu, na nimekulia katika nyumba ya kuimba bhajan kila jioni. Mambo hayo mawili hayajawahi kugombana ndani yangu. Niruhusu niseme kwa urefu kidogo.

Mzee wa Nyerere Road ametaja mifano miwili mizuri na yote miwili ameikatia katikati.

Nachiketa alifikaje kwa Yama? Baba yake alikuwa akitoa sadaka, na kijana akaona ng'ombe wanaotolewa ni wale waliokwisha kunywa maji yao ya mwisho na kukamuliwa maziwa yao ya mwisho. Alikuwa mtoto mdogo. Hakumtukana baba, ila aliuliza: "Na mimi utanitoa kwa nani?" Akanyamaziwa. Akauliza tena, na tena, mpaka baba akakasirika akasema, "Nakutoa kwa Kifo." Kitabu kizima kinasimama juu ya mtoto aliyeona ibada ya mzazi wake ina kasoro na hakukubali kunyamazishwa. Alisubiri mlangoni kwa Yama usiku tatu bila chakula. Yama akamwahidi ng'ombe, dhahabu, maisha marefu, alimradi aliache swali lake. Akakataa vyote. Na Yama alimsifu kwa hilo, akasema laiti angepata waulizaji kama yeye. Ni kweli alisema ujuzi wa Atman, nafsi ya ndani kabisa, haupatikani kwa mabishano, lakini hapo anasema juu ya kumjua Atman. Nani abebe chungu cha makaa ni jambo jingine kabisa, na tusiazime ukubwa wa fumbo lile tuuvike kwenye desturi hii.

Gargi je? Aliambiwa anyamaze, akakaa. Mzee, endelea kusoma. Kurasa chache mbele anasimama tena, anawaambia wale Brahmin, wasomi wa tabaka la makasisi, kwamba atamwuliza Yajnavalkya maswali mawili, na anasimama kama shujaa mwenye mishale miwili mkononi. Anauliza, anajibiwa, na ni yeye anayewatangazia wengine kwamba hakuna kati yao atakayemshinda mtu huyu. Kichwa chake hakikuanguka. Kilichoanguka ni cha Shakalya, msomi mwingine pale pale, mwanamume.

Sasa tuje kwa maharaj. Shule yetu ya falsafa iitwayo Nyaya inataja njia nne za kujua jambo: kuona, kukisia kutokana na ulichokiona, kulinganisha, na neno la mtu wa kuaminika. Neno limo, silikatai. Lakini huyo wa kuaminika ni yule anayelijua jambo lenyewe na anayetaka kulisema jinsi lilivyo. Kuvaa dhoti safi hakutoshi. Shankara, mwanafalsafa wetu aliyeishi karne ya 8 na ambaye hakuna maharaj atakayemwita mpinga dini, aliandika katika ufafanuzi wake wa Gita, kitabu cha mafundisho ya Krishna, kwamba hata maandiko mia yakisema moto ni baridi hayawezi kuwa ushahidi. Andiko lina kazi yake pale ambapo macho hayafiki. Pale yanapofika, macho ndiyo yanayosema.

Kwamba moyo wa mwanamke ni mwepesi ni jambo la kuonekana kwa macho. Wewe umeshika mkono wa baba yako kwenye mashine. Maharaj hakuwepo.

Ama Put, hiyo ni ya Manu, sura ya 9, shloka (beti) ya 138. Waombe wafungue kitabu chenyewe. Waanzie nyuma kidogo, shloka ya 130: mwana ni sawa na nafsi ya mtu, na binti ni sawa na mwana; binti aliye nafsi ya baba yake akiwa hai, vipi mtu mwingine achukue mali? Sura moja, kurasa zile zile. Sikudanganyi, shloka ile inazungumzia urithi, nao watakuambia hivyo. Basi waulize binti anawezaje kuwa nafsi ya baba kwenye mali halafu akawa mgeni kwenye moto. Manu huyo huyo ana maneno mengine kuhusu wanawake ambayo mimi siwezi kuyatetea, na najua kwa nini Ambedkar, mtetezi wa watu wa tabaka la chini kule India, na wenzake walikichoma kitabu hicho hadharani kule Mahad tarehe 25 Desemba 1927. Lakini anayemleta Manu mezani amlete mzima.

Na hizo "siku zote". Kuvuka bahari kulikuwa mwiko kwa babu zetu. Gandhi alipotaka kwenda Uingereza mwaka 1888, baraza la tabaka lake kule Bombay lilimtenga. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901 walioitandika wengi walitoka India, na wenye maduka wakafuata. Kila Mhindu aliyefungua duka Kisumu, akiwemo babu yake baba yako mdogo, alikuwa amevuka maji yale. Walipima, wakaona amri ile haina uzito wa njaa ya watoto wao, wakapanda jahazi. Hatujawaita waasi. Picha zao tumezitundika ukutani na kuzivika maua.

Nimebakiza moja, na ndiyo ningependa uende nayo. Inasimuliwa kwamba Shankara alimwahidi mama yake, kabla hajaiacha nyumba na kuwa sannyasi, yaani mtawa, kwamba atarudi kumfanyia ibada ya mwisho. Sannyasi haruhusiwi. Amekwisha kukata undugu wote, moto wa nyumbani si wake tena. Mama alipofariki kule Kaladi, Kerala, akarudi. Ndugu wa ukoo wakamgomea. Hawakumpa kuni, hawakumpa moto, hawakuja kubeba. Akamchoma mwenyewe kando ya nyumba yao. Mtu aliyeandika fafanuzi ambazo makasisi wetu wanasomea mpaka leo alivunja sheria ya daraja lake kwa sababu mzazi alikuwa amemwomba, naye alikuwa ameahidi.

Kijana wa Kakamega, bidii yako naipenda, lakini "wasiotaka wabaki nyumbani" si shauri jema. Huyu dada atakutana na baba yake mdogo kila Diwali maisha yake yote.

---

Nyar Kisumo

Mimi si Mhindu, ni Mjaluo wa hapa hapa, lakini swali hili naliona kama la kwetu. Dada, mwenye nguvu msibani ni yule aliyesikika kabla ya msiba.

Wengi mnakumbuka kesi ya S. M. Otieno. Wakili mkubwa wa Nairobi, alifariki Desemba 1986. Mkewe Wambui alisema marehemu alitaka kuzikwa kwao Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukasema Mjaluo huzikwa kwao. Mwili ukabaki mochari miezi mitano, wakili huyu akibishaniwa na mawakili, mpaka Mei 1987 Mahakama ya Rufaa ikaupa ukoo ushindi akapelekwa Nyalgunga, Siaya. Mama yangu alikuwa akifuata kila siku redioni. Anasema mpaka leo kwamba kilichomuuma ni watoto waliokaa muda wote huo bila kujua baba yao atalala wapi.

Mjane alikuwa na maneno ya mumewe, lakini mzee mwenyewe hakuwepo tena kuyasema. Baba yako yupo! Mwache aseme yeye, mbele ya ndugu zake wote na wazee wawili watatu wa hekalu, kwa kinywa chake. Aandike na asaini. Arudie tena mwezi ujao. Kwetu hata jaduong' (mzee) mkaidi hupata shida kumpinga marehemu aliyesema mbele yake mwenyewe, na sidhani Wagujarati wako tofauti. Wewe usiwe wakili wa hoja hii, maana ukiisema wewe itaonekana unataka cheo.

Pole kwa kuuguza. Najua hiyo barabara ya hospitali ilivyo.

---

Mzee wa Nyerere Road, Kisumu

Mwalimu, la Gargi nalikubali, niliishia njiani. La Shankara ni masimulizi, na hata yakiwa kweli, Shankara alikuwa mwanamume. Bado nauliza: tukikubali kila mtu apime kila ibada kwa akili yake, wajukuu wetu watarithi nini? Mnawaona vijana wa siku hizi. Hawaulizi ili waelewe, wanauliza ili wapate ruhusa ya kuacha.

---

Mwalimu Mstaafu, Nakuru

Hofu yako ni ya kweli, Mzee, hata mimi nina wajukuu. Lakini mtazame huyu aliyeuliza. Hajaomba ruhusa ya kuacha chochote. Anaomba abebe chungu, amimine samli, akae siku kumi na tatu za maombolezo. Tukimfukuza anayetaka kuibeba ibada, tutabaki na wale wasioitaka.

Na si jambo la ajabu tena. Vajpayee, aliyekuwa waziri mkuu wa India na mtu wa chama kinachojivunia Uhindu, alipofariki Agosti 2018 moto uliwashwa na binti yake wa kulea, makasisi wakisoma mantra. Desemba 2021 Jenerali Bipin Rawat na mkewe walipokufa kwenye ajali ya helikopta, mabinti zao wawili ndio waliowasha. India nzima ilitazama kwenye televisheni.

Bwana Krishna anamwambia mwanafunzi wake Arjuna katika sura ya 4 ya Gita ajifunze kwa walio na ujuzi kwa kuwainamia, kwa kuwauliza na kwa kuwatumikia. Kuuliza kumewekwa katikati. Na karibu na mwisho, sura ya 18, baada ya kumfundisha yote, hamwamrishi. Anamwambia ayatafakari yote, kisha atende apendavyo. Kama Krishna aliweza kumwachia mwanafunzi wake nafasi hiyo, maharaj naye anaweza.

---

Binti wa Dukani, Kisumu

Asanteni sana. Nimesoma yote usiku, na asubuhi nikamsomea baba la Nachiketa na la Gargi akiwa kwenye mashine. Alicheka aliposikia habari za wale ng'ombe waliokwisha maziwa, akasema anawajua watu wanaotoa sadaka ya namna hiyo.

Mzee, asante kwa kunijibu kwa sababu, maharaj hakunipa heshima hiyo. Kuhusu mwanangu: ninaye, ana miaka sita. Nimelifikiria shauri lako kwa dhati, ila sitalifuata. Baba hakumtaja mjukuu, alinitaja mimi. Sitaki mtoto wa miaka sita awekwe mbele ya moto wa babu yake ili watu wazima wasikutane na swali. Akitaka kusimama karibu nami, atasimama, nami nitamshika mkono.

Kuhusu wajukuu watarithi nini. Mimi nimekwenda hekaluni tangu utotoni, nikaimba, nikafunga, nikafagia. Sikuwahi kusoma Katha Upanishad mpaka wiki hii, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ndani yake kuna mtoto anayeuliza. Laiti ningeambiwa nikiwa na miaka kumi. Huyu wangu wa miaka sita nitaanza kumsimulia leo.

Nyar Kisumo, erokamano. Nimekusikia. Baba mwenyewe ameshawapigia ndugu zake waje Jumapili baada ya chakula, na ameniomba nimwalike Mzee yeyote wa hekalu atakayekubali kuja, hata asiyekubaliana naye. Atasema yeye, mimi nitakaa jikoni na mama mpaka niitwe. Manu tumempata, ni nakala ya marehemu babu, imeliwa na mchwa pembeni lakini sura ya 9 inasomeka. Baba ametia kipande cha risiti kwenye shloka ya 130.

Mwalimu, nina ombi moja la mwisho. Maharaj wetu akikataa kabisa, tunahitaji kasisi ambaye amewahi kumwongoza binti kwenye ibada hii, awe wa Nakuru, Eldoret au hata Nairobi, tumjue mapema badala ya kumtafuta siku ile. Je, unamfahamu yeyote?

---

Mwalimu Mstaafu, Nakuru

Namfahamu mmoja. Nitumie ujumbe wa faragha nikupe namba yake, na mpigie kabla ya Jumapili ili baba yako aongee naye mwenyewe.